Mjomba anataka kurudi, bati ziko wapi?

  

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungewaongelea wale akina dada wanaotumiwa nauli halafu hawatokei. Naomba radhi, mada hiyo ina wenyewe na itarudi. Wiki hii kuna jambo limenikaa kooni, nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi. Linahusu ndugu zetu walioko mbele, wale tunaowasifia vijiweni, na swali moja wanalolala nalo na kuamka nalo: nirudi Bongo au nisirudi?

Sisi huku swali hilo tunaliona la kijinga kabisa. Kila kijiwe hapa Dar kina mtaalamu wake wa kuzamia. Atakueleza mpaka upi una askari wakali, meli ipi inakwenda wapi, nchi ipi ukifika unapewa chakula na godoro. Sasa mwulize namna ya kurudi uone! Atakutazama kama umemtukana mama yake. Mimi tangu nianze kukaa vijiweni sijasikia mtu akitoa somo la kurudi.

Basi ngoja nikupe kisa cha nyumbani kwetu. Jina la mhusika kapuni, ni mjomba wangu, mdogo wake Bi Mkubwa tumbo moja. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba niseme anakaa Durban na niishie hapo. Bi Mkubwa yeye hajaruhusu, ila najua gazeti hili huwa halifungui mpaka kuna picha ya harusi, kwa hiyo naomba mhariri wiki hii asiweke.

Mjomba aliondoka mwaka 1997 akiwa na miaka 22, begi moja na raba mguuni. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Miaka mitatu nyuma yake Mandela alikuwa ameingia madarakani, na kwa vijana wa Temeke na Keko ilikuwa kama Bondeni kumefunguliwa duka jipya na kila mtu anawahi mzigo. Wengine walizamia meli bandarini. Mjomba alipita nchi kavu: basi hadi Mbeya, akavuka Kasumulu, akaimaliza Malawi kutoka Karonga hadi Blantyre, akakatiza Tete kule Msumbiji, akaingia Harare, halafu Beitbridge kwenye mto Limpopo. Safari ilimchukua wiki saba, kwa sababu pale Blantyre hela ilikata ikabidi aoshe vyombo kwenye mgahawa.

Alikuwa anakwenda kwa miaka miwili. Miwili tu! Apate mtaji, arudi afungue duka la vipuri vya magari pale Gerezani. Hadi alipoanza kuulizia habari za kurudi, ilikuwa imefika miaka 28.

Miaka inapotea vipi namna hiyo? Hata mimi nilikuwa najiuliza, mpaka siku moja akanifanyia hesabu kwenye simu. Wakati anaingia, dola moja ilikuwa inapata kama randi nne na nusu. Mwaka 2024 dola hiyo hiyo ilikuwa inapata kama randi 18. Yaani wewe unanyoa vichwa, unajibana, unaweka randi zako, na zenyewe zinayeyuka kama barafu ya shilingi hamsini. Shilingi yetu nayo si ya kujivunia, lakini angalau wewe wa huku huna mtu anayekusubiri utoke uwanja wa ndege na gari.

Halafu kuna aibu. Mtaani kwetu yupo baba mmoja aliyerudishwa kwa nguvu kutoka Ugiriki miaka mingi iliyopita, akashuka na begi moja la mgongoni. Mpaka leo watoto, ambao hata hawakuwepo siku anashuka, wanamwita Mzee Begi. Ana mke, ana genge la nyanya linalokwenda vizuri tu, lakini ni Mzee Begi. Mjomba kila akipiga simu lazima amuulizie. "Mjomba, Begi hajambo?" Mimi nilikuwa nadhani anamkumbuka rafiki yake, kumbe anaulizia kama jina bado linatumika.

Sasa njoo kwenye nyumba. Mwaka 2006 mjomba alinunua kiwanja Chamazi, enzi ambazo ukisema unakwenda Chamazi watu wanakuuliza utarudi lini. Hela alikuwa anatuma kwa mkono wa watu, baadaye akapata njia ambayo wengi wasio na makaratasi wanaitumia: anampa randi Mtanzania mwenzake mwenye duka kule, ndugu wa huyo mwenye duka anamrushia Bi Mkubwa shilingi kwenye simu huku. Kidogo kidogo msingi ukapanda, matofali yakapanda, mwaka 2011 wakafunga lenta. Mwaka 2013 mjomba akaanza kutuma hela ya kupaua.

Mwaka 2013, mpenzi msomaji, ndio mwaka niliotakiwa kuanza kidato cha kwanza.

Baba yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikuwa mtoto wa ovyo kidogo, sikufichi, na Bi Mkubwa aliona nikibaki hapa mtaani nitaishia kwenye kundi baya. Akaniombea nafasi kwenye shule moja ya bweni ya watu binafsi mkoani Pwani. Ada yake kwa mwaka ilikuwa inatosha kununua mbao zote za kenchi. Mwaka uliofuata bibi akaugua figo, tukawa watu wa hospitali mara tatu kwa wiki, na mwisho wake ukawa msiba. Mjomba alituma hela ya msiba, hakuja. Hakuweza kuja. Alisikiliza mazishi ya mama yake kwenye simu iliyoshikwa na binamu yangu karibu na kaburi, tena salio likakatika katikati.

Hivyo bati za mjomba zilikwenda wapi? Nyingine zilikwenda kwenye damu ya bibi. Nyingine ndiyo hii kalamu unayoisoma. Nilimaliza mwaka 2016 na divisheni tatu, nikakaa bila kazi, nikaanza kubandika makala magazetini, mpaka hapa tulipo. Nyumba ya Chamazi ikabaki na lenta yake ikitazama mawingu.

Mjomba aliambiwa nini? Aliambiwa imepauliwa. Bi Mkubwa hakukaa chini akapanga kusema uongo, ninamjua, yule mama akidanganya umri tu anatoka jasho. Aliulizwa kwenye simu, akajibu "tayari mdogo wangu", akiamini kwamba mwezi ujao atarudisha kidogo, na mwezi wa pili kidogo. Mkimjua mwanamke wa Kiswahili anayeuza vitumbua, mnajua mwezi wa pili ulivyo.

Kuna siku moja sitaisahau. Ilikuwa Aprili 2015. Kule Bondeni wageni walikuwa wameshawahi kupigwa na kuchomwa, Mei 2008 watu 62 waliuawa, lakini safari hii moto ulianzia Durban kwenyewe alipo mjomba. Wageni kwa maelfu walikuwa wanalala kwenye mahema viwanjani, picha zake zilikuwa kwenye kila televisheni. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu nilirudishwa ada. Usiku simu ikalia, ni mjomba, anahema. Akauliza, "Dada, nije? Nyumba si ipo?"

Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, najifanya nimesinzia. Bi Mkubwa alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Vumilia kidogo mdogo wangu. Mungu yupo."

Alikuwa anamuombea kila swala, hali chakula, na bado akamwambia abaki kule kule kwenye moto, kwa sababu hapa hakuna bati la kumwonyesha. Baada ya simu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi hadi adhana ya alfajiri. Kesho yake alinipa ada nikarudi shule. Hela hiyo nayo sikuuliza ilitoka wapi.

Mimi pia si msafi. Mwaka 2019 mjomba alinunua simu ya tachi, akaomba picha ya nyumba. Nilikuwa na miaka 20, nina akili zangu timamu. Nilikwenda Chamazi nimevaa jezi ya Taifa Stars, maana ule ndio mwaka tulikwenda AFCON kule Misri na kila mtu alikuwa anaivaa, nikasimama mbele ya nyumba ya jirani yenye bati jekundu na geti, nikacheka hadi jino la mwisho. Jirani mwenyewe ndiye aliyenipiga. Mjomba akajibu kwa kunitumia picha yake akiwa ndani ya saluni yenye viti vinne vya kuzunguka, vioo ukuta mzima, ameshika mashine ya kunyolea. "Mambo si haba, mjomba," akaandika. Picha ile ilizunguka ukoo mzima, na vijana wawili wa mtaani walianza kutafuta nauli ya Bondeni kwa sababu yake.

Basi ndugu yangu, Septemba 2025 simu ikaja tena, saa tano usiku. Mjomba ana presha, anameza vidonge kila siku, na alikuwa anavichukua bure zahanati. Mwaka huo vikundi vya kupinga wageni vilikuwa vinasimama kwenye mageti ya zahanati na hospitali za serikali, Durban na Johannesburg, wakidai kitambulisho, huna unageuzwa. Mwezi Novemba Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikizuia kikundi cha Operation Dudula kufanya mambo hayo, lakini hiyo ilikuja baadaye, na mwenye presha hasubiri hukumu. Mjomba aligeuzwa getini mara mbili. Akasema, "Mjomba, nimechoka. Nataka kuja. Lakini nataka kujua ukweli wa nyumba kabla sijafunga begi, kwa sababu nikitoka sirudi."

Hilo la "nikitoka sirudi" si maneno ya majonzi, ni sheria. Kule Afrika Kusini, kwa kanuni zao za mwaka 2014, ukizidisha muda wa kukaa kwa zaidi ya siku 30, siku unayotoka mpakani unaandikwa mtu asiyetakiwa, na huingii tena kwa miaka mitano. Mjomba hajazidisha siku 30, amezidisha utu uzima wake wote. Na kule ana binti wa miaka 15. Mama wa binti ni raia wa pale pale, Mzulu, hawakai pamoja ila wanasikilizana. Binti anakuja kwake kila Jumamosi. Kiswahili anajua neno moja, shikamoo, na analitumia hata kuaga. Mjomba akirudi, ataonana naye ana miaka 20, labda. Kuna rafiki yangu nilimsimulia akasema, "Si amlete huku?" Nikamwuliza, wewe mamaako angekubali upelekwe Durban? Akanyamaza.

Na msidhani hii ni shida ya wasio na makaratasi pekee. Mtaa wa pili kuna dada ni muuguzi Uingereza, ana kila kitu, pasipoti nyekundu aliichukua ili maisha yaende. Kwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unamtoka. Baba yake alipofariki alikuja, na pale Terminal Three akapanga foleni ya wageni, akalipa viza dola 50, aende kumzika mzee aliyemzaa Temeke. Wakenya wenzetu tangu katiba yao ya mwaka 2010 wanaruhusiwa uraia wa nchi mbili. Kwetu, mwanzoni mwa 2025 Bunge lilibadili sheria za uhamiaji na ardhi ikapatikana hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Ni hatua, sikatai. Ila hadhi si uraia, na yule dada anasema kitu anachokitamani ni kusimama foleni fupi.

Turudi kwa mjomba. Baada ya ile simu Bi Mkubwa alikaa siku nne hazungumzi vizuri. Siku ya tano, Jumapili, akanitolea hela ya bodaboda kwenye pindo la khanga. "Nenda Chamazi," akasema. "Kapige ile yetu."

Nilikuwa sijakanyaga pale tangu 2019. Kuta zipo, zimeota ukungu. Matofali ya chumba cha uani kuna mtu kayahamisha, Mungu anamjua. Na sebuleni, katikati kabisa, pale ambapo mjomba alisema ataweka makochi, umeota mpapai. Mpapai mrefu, umeipita lenta, una mapapai. Nikapiga picha nane. Moja nilijipiga mwenyewe, safari hii bila kucheka.

Usiku tukakaa kitandani kwa Bi Mkubwa, mimi na yeye, simu katikati. Nikaandika kila kitu: ada yangu, figo za bibi, picha ya jirani. Nilipobonyeza kutuma alijifunika uso kwa khanga kama mtu anayechomwa sindano. Tiki mbili zikaja. Zikawa za buluu. Halafu kimya.

Kimya cha siku mbili, mpenzi msomaji, sikiombei hata adui yangu. Bi Mkubwa hakukaanga vitumbua. Siku ya tatu ukaingia ujumbe wa sauti, dakika nne. Mwanzoni magari tu yanasikika, halafu mjomba akakohoa. "Dada, shikamoo. Mjomba, hujambo." Akasema ile saluni ya viti vinne si yake, ni ya Mnigeria mmoja, alimwomba aingie dakika mbili apige picha. Yeye ananyolea nje, chini ya mwamvuli, mashine inatumia betri ya gari, mvua ikinyesha hakuna kazi. Akasema yeye alikuwa anaogopa kurudi kwa sababu atakuja kukaa kwenye nyumba nzuri ya bati bila senti mfukoni na watu watamuuliza za saluni. Akacheka hapo, kicheko kirefu, mpaka akaanza kukohoa tena. Kuhusu ada akasema, "Ungeniambia tu dada. Ningetuma." Bi Mkubwa hapo ndipo alipolia. Mimi pia, kama unataka kujua.

Ujumbe ulikuwa na swali mwishoni. "Huo mpapai nani anakula?"

Wapo wasomaji watakaoniuliza, sasa anarudi au harudi? Hajasema. Kwa mara ya kwanza ameanza kupiga hesabu zenyewe: vidonge vinauzwaje huku, kinyozi wa Mbagala anapata kiasi gani kwa siku, ubalozi unachukua muda gani kumpa hati ya dharura ya kusafiria maana pasipoti yake ilikufa zamani. Nimemwulizia kwa vinyozi watatu, wa kwanza alidhani nataka kumfungulia mpinzani akanifukuza. Upande wa pili wa hesabu kuna Jumamosi za binti, na hizo hajaniambia anazipigaje. Sijamuuliza.

Sisi huku tumepanga tupaue, aje asije. Fundi kasema bati 64 za geji 30, mbao na misumari mbali. Bi Mkubwa ameingia mchezo wa akina mama, zamu yake ni mwezi wa nne. Mimi natoa malipo ya safu hii, ambayo, mhariri akipita hapa naomba asome polepole, kwa wiki yananunua bati mbili na chenji ya soda. Mpaka naandika tumefikisha bati 11. Ziko chumbani kwangu nyuma ya mlango, nikigeuka usiku zinalia.

Juzi mjomba alimwonyesha bintiye zile picha nane. Binti kauliza, tukipaua, mpapai utapitia wapi. Nimempelekea fundi swali hilo, fundi kasema atafikiria.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wale akina dada wa nauli wakae mkao wa kula.